Kabla ya Kuilaumu Betri: Kisumu hadi Port Victoria kwa Gari-Nyumba Kuukuu

Ndugu msomaji, ukifika ufuo wa Marenga pale Port Victoria usiku usio na mwezi, utaona mji wa pili umewaka juu ya maji. Taa zimetapakaa hadi macho yanapoishia, nyingine zikiyumba, nyingine zimetulia, na hakuna hata nguzo moja ya stima kule. Hao ni wavuvi wa omena. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa karabai na mafuta ya taa, na upepo wa ziwa ukanuka moshi hadi alfajiri. Siku hizi wengi wamehamia taa za betri zinazochajiwa mchana kwa nguvu za jua. Huko Mbita, kusini mwa mlango wa ghuba, kampuni ya Osram ya Ujerumani ilifungua kituo cha kuchaji taa na betri kwa jua mwaka 2008, wavuvi wakiwa miongoni mwa wateja waliolengwa.

Mvuvi wa omena si lazima awe amesomea uhandisi. Lakini hesabu moja anaijua vizuri: umeme uliotoka usiku lazima urudi mchana. Usiporudi, kesho hakuna taa, na pasipo taa omena hawaji.

Hesabu hiyo ndiyo nataka tuibebe katika safari ya leo. Huenda una kombi kuukuu iliyowekwa kitanda, jiko na friji. Huenda una Hiace iliyong'olewa viti ikageuzwa chumba, au ule mkweche mkubwa ulioachwa nchini na watalii waliochoka kuvuka Afrika. Yote hayo tuyaite gari-nyumba. Ni gari zuri kwa familia, kwa maana unabeba hoteli yako mgongoni kama kobe. Ila lina ugonjwa mmoja unaowaliza wengi: unalala salama, asubuhi unazungusha ufunguo, gari linasema "tik", kisha kimya.

Hapo ndipo washauri huzuka kila upande. "Mzee, hii betri imekufa, nunua nyingine." Huenda ni kweli. Lakini ni mara ngapi mtu amenunua betri mpya, akaifurahia wiki moja, kisha nayo ikafa vilevile? Fedha za karo zimekwenda, na ugonjwa bado umo garini.

Fikiria mtungi wa maji jikoni. Ukiukuta mtupu asubuhi, sababu ni tatu tu. Ama mtungi wenyewe umepasuka, ama haukujazwa jana, ama kuna mtu anayechota usiku. Betri ni hivyo hivyo. Kazi yako ni kujua ni lipi kati ya hayo matatu kabla ya kutoa hata shilingi. Na chombo cha kukuambia ni kimoja, ile mita ndogo ya umeme inayouzwa katika maduka ya vipuri, yenye waya mmoja mwekundu na mwingine mweusi.

Kisumu: je, mtungi ni mzima?

Safari yetu inaanzia Kisumu, mji ambao reli kutoka Mombasa iliufikia Desemba 1901. Wakati huo Waingereza walipaita Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston aliyeongoza utandikaji wa reli. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba katika mipango ya mwanzo reli ilikuwa imekusudiwa kuishia Port Victoria, si Kisumu. Baadaye ilionekana kwamba njia ya kuja kwenye ghuba ya Kisumu ni fupi zaidi, na Port Victoria ikabaki na jina kubwa pasipo garimoshi. Kwa hiyo ukienda huko kwa gari lako, unaimalizia reli safari yake.

Usiondoke Kisumu kabla ya kupima. Liache gari limezimwa usiku kucha. Asubuhi na mapema, kabla ya kufungua mlango wala kuwasha taa, weka mita kwenye kipimo cha volti 20 za umeme wa betri. Waya mwekundu uguse kichwa cha betri chenye alama ya kujumlisha, mweusi uguse kile cha kutoa. Soma namba, uiandike kwenye daftari.

Volti 12.6 au 12.7 maana yake betri imejaa. Volti 12.4 ni robo tatu hivi. Volti 12.2 ni nusu. Volti 12.0 ni robo, na ikiwa chini ya 11.8 hiyo imekauka. Angalia jinsi namba hizi zinavyokaribiana. Kati ya betri iliyoshiba na iliyokufa njaa hakuna tofauti hata ya volti moja, ndiyo sababu kuwasha taa na kusema "mbona zinawaka!" si kipimo.

Namba ya kwanza haitoshi. Mwambie mwenzako azungushe ufunguo ili stata ivute, nawe ukitazama mita. Betri nzima itashuka kidogo, lakini isipungue volti 10 hivi. Ikiwa ilikuwa na 12.6 ilipopumzika, kisha ikaporomoka hadi 8 mara stata ilipoiguza, hapo mtungi umepasuka. Betri hiyo hata ukiichaji siku tatu haitakufaa. Lakini ikiwa ilianza na 11.9 ikaporomoka, usiihukumu bado. Ichaji kwanza ijae, iache ipumzike saa kadhaa, kisha urudie kipimo. Mwenye njaa haulizwi mbona hana nguvu.

Gari-nyumba huwa na betri mbili. Moja ni ya gari, ya kuvuta stata. Ya pili ni ya nyumba, ya taa za ndani, friji, pampu ya maji na redio. Zipime zote mbili, kila moja na ukurasa wake katika daftari. Wengi huilaumu ile ya mbele kwa makosa ya ile ya nyuma.

Joto la Kisumu nalo lina neno lake. Mafundi wana kanuni kwamba kila joto la betri linapopanda nyuzi 10, umri wake hupungua kwa nusu. Betri iliyofungiwa kando ya injini kwenye jua la ziwa haiwezi kuishi miaka sawa na nyingine iliyoko Limuru. Kama yako ni ile yenye vifuniko vya kufunguliwa, chungulia maji yake. Vile vibati vya risasi vilivyomo ndani lazima viwe vimefunikwa. Ongeza maji ya betri yanayouzwa kwa chupa, si ya mfereji, wala ya ziwa, kwa maana chumvi zake huharibu betri.

Kisha tazama vichwa vya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, huo ndio adui wa kwanza. Waya unaonekana umeshika, kumbe umeme unapita kwa shida. Fungua waya wa kutoa kwanza, kisha wa kujumlisha. Osha kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, yale yale ya kulainishia mboga, ukihakikisha hayaingii ndani ya betri. Sugua hadi chuma king'ae, kausha, kaza. Waya wa kutoa urudishe wa mwisho. Vaa miwani na uweke maji safi karibu, kwa sababu asidi haina huruma na macho.

Mlima wa Maseno: je, mtungi unajazwa?

Sasa funga mizigo. Kutoka Kisumu unapita Otonglo na Kisian, kisha barabara inaanza kupanda miongoni mwa mawe makubwa kuelekea Maseno. Kisumu iko kwenye mwinuko wa mita 1,130 hivi juu ya bahari, na Maseno ni kama mita 1,500. Watoto watafurahi kushuka pale penye alama ya Ikweta na kuweka mguu mmoja kusini na mwingine kaskazini. Waambie pia kwamba Shule ya Maseno ilianzishwa na wamishenari mwaka 1906.

Hapo Maseno, wakati watoto wanapiga picha, fanya kipimo cha pili.

Zima injini kwanza. Zungusha ufunguo hatua ya kwanza bila kuwasha. Ile taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi inawaka? Katika magari mengi ya zamani, taa hiyo si ya kukuonya tu. Umeme unaopitia balbu yake ndio unaoiamsha altaneta ianze kazi. Balbu ikiungua, altaneta nzima kabisa inaweza kukaa bila kuzalisha kitu. Kuna watu wamebadilisha altaneta mbili kwa ajili ya balbu isiyozidi ukubwa wa punje ya hindi.

Sasa washa injini, taa nyekundu izimike, na upime betri ya mbele. Mita isome kati ya volti 13.8 na 14.4. Washa taa kubwa na feni, ongeza mafuta kidogo, usome tena. Ikiwa bado iko juu ya 13.5, altaneta inafanya kazi. Ikiwa ni 12.5 na inaendelea kushuka, hakuna chaji inayoingia. Ikipita 15, hiyo ni hatari ya upande wa pili: kidhibiti kimeharibika, na betri inachemshwa. Utaijua pia kwa harufu ya mayai yaliyooza.

Kama hakuna chaji, usikimbilie altaneta. Zima injini na bonyeza ule mkanda wa feni kwa kidole gumba katikati ya urefu wake. Ukilegea zaidi ya sentimita moja hivi, au ukiwa unang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, unateleza. Kuukaza ni kazi ya spana moja. Kisha fuata waya mnene unaotoka nyuma ya altaneta. Uvute taratibu, uangalie kama umelegea au umeungua kwenye kichwa chake.

Hapa nitoe onyo. Wako mafundi wa kale wenye mtindo wa kuchomoa kichwa cha betri gari likinguruma, wakisema, "Likizimika, altaneta ni mbovu." Mtindo huo ulitoka enzi za dainamo. Kwa altaneta, unaweza kuua daiodi zilizomo ndani na kila kifaa cha elektroniki kilichomo garini, kwa sababu umeme hupanda ghafla pasipo betri ya kuumeza. Ukimwona fundi akinyoosha mkono kwenye betri injini ikiwaka, mwambie kwa upole, "Fundi, tutumie mita."

Baada ya hapo nenda nyuma, upime betri ya nyumba injini ikiwa bado inanguruma. Hapa ndipo magari-nyumba mengi kuukuu yanapofichua siri. Mbele unasoma 14.2, nyuma unasoma 12.7. Maana yake chaji inakufa njiani. Washukiwa ni watatu. Wa kwanza ni relei, ile swichi inayoziunganisha betri mbili injini ikiwaka na kuzitenganisha ikizimwa. Iguse kwa kidole mwenzako akiwasha na kuzima. Usiposikia ikigonga, huenda imekufa, au haipati umeme wa kuiamsha. Wa pili ni fyuzi ya njia hiyo. Wa tatu ni waya mwembamba. Waya wa mita tano au sita uliofaa taa moja hauwezi kupitisha chaji ya betri nzima. Unapata moto, na umeme unapotea kama maji katika mfereji wenye nyufa.

Na hata kila kitu kikiwa kizima, usidanganyike kwamba mwendo mfupi unajaza betri iliyokauka. Betri ya risasi hula kwa pupa mwanzoni, kisha hupunguza mwendo. Ile sehemu ya tano ya mwisho huchukua saa nyingi. Kutoka Kisumu hadi Port Victoria ni zaidi ya kilomita 100, lakini hiyo ni safari ya saa chache tu. Ukianza na nusu, hutafika na betri iliyoshiba.

Ruambwa: matope na athi

Baada ya Luanda na Yala, unaingia Siaya, kisha nchi inashuka tena kuelekea ziwani. Utavuka mto Nzoia kwenye daraja la Ruambwa na kuingia Bunyala, katika Kaunti ya Busia, nchi ya Wanyala. Utaona mashamba ya mpunga yaliyonyooka na kingo za udongo zilizojengwa kuzuia mto. Jina la Budalang'i umelisikia katika habari, nalo halitajwi ila mafuriko yakija. Uliza wenyeji habari za barabara kabla ya kwenda wakati wa mvua.

Matope na maji ya nchi hii yanatukumbusha kitu ambacho hakionekani: athi. Umeme ukitoka kwenye betri lazima urudi, na njia ya kurudia ni bodi ya gari na injini yenyewe, kupitia waya mpana uliofungwa kwa bolti chini. Bolti hiyo ikila kutu, gari lina betri nzima, altaneta nzima, na bado stata inalia kama mgonjwa. Taa za nyuma zinafifia ukikanyaga breki. Redio inakatika pampu ya maji ikianza.

Kulijua ni rahisi. Waya mwekundu wa mita uguse chuma kitupu cha injini, mweusi uguse kichwa cha kutoa cha betri, kisha mwenzako avute stata. Mita isome chini ya nusu volti. Ikisoma moja au zaidi, athi ni mbovu. Kama huna mita, chukua waya mmoja wa kuazimia chaji, uunge kutoka kichwa cha kutoa cha betri hadi chuma kitupu cha injini. Stata ikipata nguvu ghafla, umempata mkosaji. Fungua bolti, piga msasa, paka grisi, funga. Gharama yake ni jasho.

Usiku wa Port Victoria: nani anachota?

Umefika. Ufuo una mitumbwi, harufu ya omena waliotandazwa kukauka, akina mama wanaopimia samaki kwa debe, na kelele za bei ya mbuta na ngege. Kula samaki wako, tazama jua likizama upande wa Uganda. Kumbuka kwamba hapa ni karibu kabisa na Ikweta. Jua huzama kati ya saa 12:30 na saa moja mwaka mzima, na usiku huwa wa saa 12 hivi kila siku. Vitabu vya magari-nyumba vilivyoandikwa Ulaya huwazia likizo ya kiangazi yenye giza la saa chache. Hesabu yao haitufai. Sisi tuna saa 12 za kutumia betri, Januari hadi Desemba.

Basi fanya hesabu kama mvuvi. Tuseme betri ya nyumba ni ya ampia-saa 100. Betri ya risasi ukitaka iishi, usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 50 za kutumia. Balbu ya zamani ya wati 21 hula karibu ampia 1.75, na ikiwaka saa tano imekula karibu tisa. Taa ya LED yenye mwanga kama huo hula ampia 0.3 hivi, na kwa saa hizo hizo hupungukiwa hata mbili. Friji ya kompresa hula ampia nne au tano ikinguruma, na kwenye joto la ziwa inaweza kunguruma nusu ya siku. Hiyo peke yake ni ampia-saa 50 au zaidi kwa siku nzima. Friji zile za zamani zinazotumia gesi na umeme ni hatari zaidi, kwani zikiwekwa kwenye umeme wa betri hula ampia 10 mfululizo. Hizo ni za kuwashwa gari likiwa mwendoni tu. Likisimama, ziweke kwenye gesi.

Ukishajumlisha na kuona kwamba matumizi yako ni madogo, na bado asubuhi betri imelala, kuna mwizi. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza pia. Kifaa kinachovuta nusu ampia tu kitakula ampia-saa 12 kwa siku. Ukiliegesha gari nyumbani siku tano, betri ya ampia-saa 60 imekwisha.

Mwizi huyu mkamate mchana, si usiku. Viboko wa ziwa hili hupanda nchi kavu gizani kula majani, na si vyema wakukute umeinamia boneti. Zima kila kitu, funga milango, toa ufunguo. Fungua waya wa kutoa wa betri. Hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampia 10. Sasa mita ikae katikati, ncha moja kwenye waya uliofungua, nyingine kwenye kichwa cha betri. Usiwashe injini wala friji wakati huo, utaichoma mita. Subiri kama nusu saa ili vifaa vinavyochelewa kulala vilale. Ikisoma chini ya ampia 0.05, hakuna wizi. Ikisoma 0.3 au 0.8, anza kuchomoa fyuzi moja moja, ukirudisha moja kabla ya kuchomoa nyingine. Fyuzi itakayoiangusha namba, hiyo ndiyo nyumba ya mwizi.

Wezi wa kawaida wanajulikana. Kuna redio iliyofungwa na fundi wa mitaani ikaungwa moja kwa moja kwenye betri. Kuna kengele ya wizi na kifaa cha kufuatilia gari. Kuna taa ya kabati isiyozimika mlango ukifungwa. Kuna ile mashine ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ambayo hula hata ikiwa hakuna kilichochomekwa.

Na kuna mwizi mmoja mkubwa anayejificha kwa fundi mkuu mwenyewe: altaneta. Daiodi yake moja ikifa, umeme hurudi kinyume usiku kucha. Dalili yake ni ya ajabu. Asubuhi na mapema, kabla ya kuwasha injini, gusa altaneta kwa kiganja. Injini yote ni baridi, lakini altaneta ina vuguvugu. Hakuna fyuzi ndogo utakayochomoa imkamate huyo.

Jambo moja lisilo la mzaha

Betri ikikaribia kuisha usiku wa manane, wengine huwasha injini au jenereta ndogo na kuiacha inanguruma huku mama na watoto wamelala ndani. Ndugu msomaji, usifanye hivyo kamwe. Moshi wa injini una hewa ya kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, na aliyelala haamki kuikohoa. Gari kuukuu lenye ekzosi iliyotoboka na sakafu yenye matundu huivuta moja kwa moja hadi kitandani. Ni heri friji ioze samaki kuliko kukosa mtu wa kumwamsha asubuhi.

Vilevile betri inapochajiwa hutoa hewa ya hidrojeni inayolipuka. Kama betri ya nyumba iko chini ya kitanda, lazima iwe na tundu la kutolea hewa nje. Usiweke jiko karibu nayo, wala sigara, wala ile dawa ya mbu ya kuchoma ambayo sote huiweka chini ya kitanda bila kufikiri.

Asubuhi: kulipa deni

Wavuvi wakirudi na mitumbwi yao, betri nazo hurudi kwenye jua. Nawe fanya vivyo hivyo. Bamba la sola la wati 100 juu ya paa linaweza kukurudishia ampia-saa 25 hivi kwa siku nzuri ya jua, mradi halikai chini ya kivuli. Hapa pana mtihani mdogo. Ukiegesha chini ya mti, familia inapata ubaridi na betri inakosa chakula. Ukiegesha juani, betri inashiba na nyinyi mnaokwa. Wenye busara huwa na bamba la pili la kubebeka, lenye waya mrefu, wakaliweka juani huku gari liko kivulini.

Na ikithibitika kwamba betri imekufa kweli, ikubali, lakini usiitupe. Ndani yake mna kilo kadhaa za risasi na asidi. Risasi huharibu akili ya mtoto kwa kiasi kidogo sana. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi kando ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, na watoto wakaumia. Bi Phyllis Omido aliyewapigania alipata tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu ikaurudisha uamuzi huo Desemba 2024. Kwa hiyo betri yako kuukuu mrudishie mwuzaji unaponunua mpya, na usimwage asidi yake ufuoni ambapo watu huteka maji ya kunywa.

Lakini mara nyingi hutafika huko. Utasimama kwenye kibanda cha fundi wa umeme wa magari, Siaya au Kisumu, ukiwa na daftari lako. Usimwambie, "Fundi, betri mbovu." Mwambie, "Fundi, asubuhi ilikuwa 12.5. Stata ikivuta inashuka hadi 11 tu. Injini ikinguruma haipandi. Mkanda umekaza, na taa nyekundu haiwaki kabisa nikizungusha ufunguo."

Fundi atakutazama mara mbili, aifute mikono yake, na kusema, "Basi mzee, betri yako iache. Tuanze na balbu."